Seli Zilikufa Kweli, na Mgonjwa Pia

Siku mliyoniaga nikistaafu, mmoja wenu alinifuata nikiwa na sahani ya pilau mkononi akaniuliza kama nimesikia habari mpya. Simtaji jina, bado ana miaka mingi ya kufanya kazi na nyie. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba pombe ikifika mwilini hugeuka kitu kingine, na kitu hicho kinaua seli za kansa ya ini. Alinieleza kwa furaha, bia ikiwa mkono wa pili, kama mtu aliyepata ruhusa rasmi. Nikamwambia nimesikia. Hakuniuliza nilisikia lini, na mimi sikutaka kuharibu pilau.

Nilisikia nikiwa na miaka ishirini na mbili. Tena sikusikia tu, niliona kwa jicho langu, nikaandika, nikasaini, nikagonga muhuri. Mtu akafa. Mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu. Habari za vyeo na mishahara mtazikuta kwenye faili, na hazimfai mtu yeyote. Mimi nitawaandikia hii.

Nilifika hospitali ya Mpanda mwanzoni mwa miaka ya sabini, msichana wa Kipimbwe kutoka Usevya, cheti cha usaidizi wa maabara kimekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha sala cha mama. Nilidhani maabara ni chumba cheupe kinachonukia dawa. Nilikuta chumba chenye dirisha moja, meza ya mninga, jokofu la mafuta ya taa lililotoa moshi kuliko baridi, mashine ya kuzungusha damu kwa mkono, na hadubini moja yenye kioo chini yake cha kunasa mwanga wa jua. Siku za mawingu mazito tulikuwa vipofu. Mgonjwa wa malaria alisubiri jua litoke ndipo ajulikane ana malaria.

Mkuu wa chumba hicho alikuwa Mzee Teofili, Mfipa mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyejifunzia kazi kwa wamisionari kabla mimi sijazaliwa. Siku ya kwanza aliniambia, "Karibu, mwanangu," akanionyesha ndoo. Ndani mlikuwa na choo cha watu zaidi ya ishirini, kwenye viberiti, kwenye majani ya mgomba, kwenye makopo ya maziwa. Bwana mmoja alikuwa ameleta cha kuutosha ukoo mzima.

"Hadubini hugusi wiki hii," alisema Mzee Teofili. "Tazama kwa macho kwanza. Nusa. Andika unachoona, usiandike unachofikiri."

Nikatazama, nikanusa, nikaandika. Siku tatu za mwanzo chakula hakikupita kooni.

Alikuwa na sheria moja aliyoirudia hadi ikanichosha. Kipimo hakitembei peke yake. Ukipima damu ya mgonjwa kujua kundi lake, pembeni weka damu unayoijua. Ukitafuta sukari kwenye mkojo wa mtu, pembeni weka mkojo wako mwenyewe. "Kipimo kisicho na mwenzake ni uvumi," alisema. Mimi niliitikia "Ndiyo, mzee," kwa sauti ya mtoto anayeambiwa anawe mikono. Nilikuwa nimesoma chuoni, yeye alikuwa amezeeka kazini, na kichwani mwangu hilo lilikuwa jambo moja tu lenye maana moja: zamu yake inakwisha.

Mwaka wangu wa tatu, mwezi wa Machi, aliletwa mgonjwa mmoja kutoka Kapalamsenga. Jina lake Alfonsi. Alipanda mtumbwi hadi Karema, kutoka Karema akapandishwa lori la samaki, akafika kwetu ananuka dagaa. Hakuwa mzee, labda miaka arobaini. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, macho ya manjano, na upande wa kulia chini ya mbavu palivimba pakawa pagumu kama ubao. Mkewe, Modesta, alilala chini ya kitanda chake na kupika nyuma ya wodi. Mimi nilipita kila asubuhi kumtoboa Alfonsi kidole, hivyo nikawazoea. Alfonsi alikuwa na utani. "Dada," aliniambia siku moja, "hiyo damu unayoibeba kila siku, ukishafika lita moja unirudishie."

Daktari wetu alikuwa Daktari Elieza, kijana aliyetoka chuo kikuu muda si mrefu, mpole, asiyelala vya kutosha. Alikuwa na swali moja tu juu ya Alfonsi. Uvimbe huo ni jipu la ini au ni kansa? Jipu lilikuwa habari njema. Unalichoma sindano, unavuta usaha wa rangi ya kahawia, unampa dawa, mtu anarudi kwenye mashamba yake. Kansa ilikuwa habari ya aina nyingine. Tuliiona mara nyingi miaka ile, mara nyingi kuliko nyie mnavyodhani, na hatukuwa na chochote cha kuifanyia.

Asubuhi moja akamchoma sindano ndefu. Mimi nilishika chupa. Usaha haukutoka. Ilitoka damu iliyochanganyika na vipande vyeupe, mfano wa chenga za mchele. Daktari aliitazama chupa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nusu ya vipande nikavitia kwenye fomalini visioze, vipelekwe Dar es Salaam kwa treni, ambako majibu yalirudi baada ya miezi, kama yalirudi. Nusu nyingine nikaitazama mwenyewe. Seli zilikuwa kubwa, zimesongamana, kiini kimejaa hadi ukingoni. Nilikuwa nimeziona kwenye picha za kitabu. Nilifurahi kuzitambua, Mungu anisamehe.

Mchana Daktari Elieza alimweleza Alfonsi ukweli, mkewe akisikia. Mimi nilikuwa kitanda cha jirani na vioo vyangu vya kuwekea damu.

"Kwa hiyo nirudi nyumbani?" Alfonsi aliuliza.

"Nitakutoa maji tumboni, nitakupa dawa ya maumivu. Baada ya wiki utakuwa na nguvu ya kusafiri. Una mambo ya kupanga nyumbani, baba. Nenda ukayapange."

"Una maana nina muda gani?"

"Mwezi, miwili. Labda zaidi kidogo. Siwezi kukudanganya."

Alfonsi akageukia ukuta. Modesta akatoka nje, akaendelea kuchochea moto. Huo ulikuwa ushauri bora aliowahi kupewa mgonjwa wa namna yake katika hospitali ile, na kama mambo yangeishia hapo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Habari za wodini zilifika mtaa wa Majengo haraka kuliko dawa zilivyotufikia sisi. Alasiri ile ile akaja maabara Bwana Siraji. Watu walimwita Dresa kwa sababu miaka ya nyuma, mgodi ulipokuwa ukifanya kazi, alikuwa akifunga vidonda vya wachimbaji. Mgodi ulifungwa, vidonda vikaisha, yeye akabaki na jina na soksi nyeupe ndefu. Nyuma ya nyumba yake Majengo alikuwa akipika gongo. Ukimwambia anapika gongo alikasirika. Alisema anatengeneza dawa.

Dawa yenyewe aliiita Mwanzo. Yalikuwa matone ya kwanza kabisa yanayotoka kwenye mrija kabla gongo halijaanza kutiririka sawasawa. Wapishi wengine waliyamwaga, maana yananuka kama mapera yaliyooza na yanampa mtu kichwa cha siku tatu. Dresa hakumwaga kitu. Aliyatia kwenye chupa ndogo, akaifunga kwa kizibo cha gunzi, na kuwaambia watu yanayeyusha uvimbe.

Mzee Teofili alikuwa likizo Namanyere. Ufunguo, hadubini na muhuri vilikuwa kwangu. Dresa aliona hivyo kabla hajakaa.

"Daktari wangu mdogo," alisema. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. "Sikuombi unisifu. Naomba upime. Weka tone moja kwenye hizo seli zako, utazame. Zisipokufa, nitaondoka na chupa yangu, hutaniona tena."

"Hospitali haipimi gongo," nilimjibu.

"Mzee wako asingeweza, najua. Yeye ni wa mikojo. Lakini wewe umesoma."

Nawaandikia maneno yake kama yalivyo ili mwone yalivyokuwa ya bei rahisi. Yalinitosha.

Nilikuwa na vipande vya Alfonsi vilivyobaki, kwenye maji ya chumvi ya hospitali. Nikaongeza rangi nyekundu ya eosini. Nyie mnajua, seli iliyo hai huikataa rangi, iliyokufa huinywa. Nyingi zilikuwa bado hai, nyeupe safi kwenye uwanja wa pinki. Nikadondosha Mwanzo ukingoni mwa kioo. Ikatambaa. Mstari wa kwanza wa seli ukawa mwekundu, kisha wa pili. Kabla dakika tano hazijaisha hapakuwa na seli nyeupe hata moja. Dresa alitazama kwa jicho lake, kisha mimi nikatazama tena, tukapokezana kama watoto kwenye tundu la mlango.

"Andika," alisema.

Nikaandika kwenye karatasi ya majibu: "Seli za uvimbe wa ini zimewekewa tone la dawa ya Bw. Siraji. Zimekufa zote ndani ya dakika tano." Sahihi, tarehe, muhuri, nikampa Dresa. Soma mara kumi, hutapata neno la uongo humo. Nimewahi kusoma ripoti nyingi za uongo tangu siku hiyo na hakuna iliyofanya madhara kama ile ya kweli.

Kesho yake asubuhi Modesta alikuja kuniita. Nilimkuta Alfonsi ameketi kitandani, karatasi yangu iko magotini. Dresa alisimama dirishani, kwa nje, mikono nyuma.

"Dada, hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Na seli hizi ni zangu?"

"Ni zako."

"Zilikufa?"

"Zilikufa."

Modesta akaniangalia. "Wewe binti, Daktari alisema hakuna dawa. Sasa tumsikilize nani?"

Hapo ndipo palikuwa na nafasi. Nilihitaji sentensi moja. Ningesema kioo si tumbo. Ningesema Mwanzo ikifika ndani haiendi kwenye uvimbe peke yake. Nilijua kiasi hicho, hata mjinga angejua. Lakini watu wa vitanda vya jirani walikuwa wameinua vichwa, wananitazama mimi, siyo Daktari. Nikasema, "Mimi nimeandika nilichoona." Nilidhani ni jibu la kitaalamu. Lilikuwa woga uliovaa koti jeupe.

Mchana Alfonsi alitoka wodini kwa miguu yake, Daktari akiwa chumba cha upasuaji. Karema hakwenda, Kapalamsenga hakwenda. Alikwenda Majengo kwa Dresa, kupona.

Siku ya nne walimrudisha kwetu kwenye mkokoteni wa kubebea magunia. Alikuwa anatapika damu. Alimwita Modesta kwa jina la mama yake, akamuuliza kama mtumbwi umefungwa. Kisha hakumwita tena mtu. Alifariki kesho yake kabla ya saa sita mchana. Nyumbani palikuwa mbali na hapakuwa na gari, tukamzika Mpanda. Jeneza tulilibeba wahudumu wanne, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ndugu zake hawakufika. Dresa alileta sukari msibani, akakaa kiti cha mbele.

Daktari Elieza aliniita ofisini. Nilitegemea anipigie kelele. Alikuwa amechoka mno.

"Unajua ini linafanya nini na pombe?" aliniuliza.

"Linaisafisha."

"Linaigeuza. Kwanza inakuwa kitu kikali kuliko pombe yenyewe, asetaldehaidi. Ini zima hukigeuza tena upesi kikawa kama siki, hakina neno. Ini la Alfonsi lilikuwa limeliwa karibu lote. Lingekigeuza kwa kutumia nini? Na hayo matone ya kwanza yamejaa kitu hicho hicho, maana kinachemka mapema kuliko pombe."

"Kwa hiyo kinaua kansa kweli?" Niliuliza hivyo, naona aibu hadi leo. Bado nilitaka niwe nimegundua kitu.

"Kinaua," alisema. "Kinaua chochote kinachokutana nacho. Toka."

Mzee Teofili alirudi likizo na kapu la ulezi. Alikuwa ameshasikia njiani. Akavua kofia, akakaa, akaniomba nimweleze hatua kwa hatua, bila kuruka. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Pembeni uliweka nini?"

"Sikuweka kitu, mzee."

"Kwa hiyo hukupima. Ulifanya maonyesho."

Asubuhi ya pili alinituma kwa mchinja mbuzi sokoni nikalete ini la mbuzi lingali moto. Tukalikwangua kwa wembe, tukaweka kwenye maji ya chumvi na eosini. Seli nyingi zilikufa kwa kukwanguliwa, lakini zilizobaki hai zilitosha. Nikadondosha Mwanzo, ambayo chupa yake Dresa aliniachia kama zawadi. Zikafa. Kisha Mzee Teofili akanipa vitu vingine kimoja kimoja, na kila mara kioo kipya. Sabuni ya mche. Zikafa. Mafuta ya taa. Zikafa. Ndimu. Zikafa. Mwisho akachota maji ya mvua kwenye pipa la nje, maji ambayo sote tulikuwa tunakunywa. Seli zikavimba, zikapasuka, zikanywa rangi.

"Haya," alisema. "Umegundua dawa tano za kansa. Andika, ugonge muhuri."

Sikulia wakati wa mazishi. Nililia pale, mbele ya ini la mbuzi.

Karatasi yangu ilikuwa bado Majengo. Dresa aliitia kwenye fremu yenye kioo na kuitundika ukutani barazani, chini yake benchi la wagonjwa. Kifo cha Alfonsi hakikumsumbua. Alisema alichelewa kuja. Siku hiyo hiyo Mzee Teofili alibeba hadubini kwenye sanduku lake, mimi nikabeba ini lililobaki, tukaenda kwa miguu mchana kweupe. Tulikuta watu saba kwenye benchi. Nikaomba meza, nikageuza kioo cha hadubini kulielekea dirisha, nikawaita mmoja mmoja. Niliwaambia mimi ndiye niliyeandika ile karatasi, na kwamba ini wanaloliona ni la mbuzi mzima, aliyekuwa anakula majani jana.

"Mbuzi si mtu," alisema Dresa kutoka mlangoni, na watu wakatikisa vichwa kukubali.

"Kweli," alisema Mzee Teofili. "Basi tupe kidole chako."

Dresa akaficha mikono. Nikajitoboa changu. Nilikamua damu kwenye kisahani cha chai, matone kama kumi, nikamimina Mwanzo juu yake. Hapakuhitajika hadubini. Damu nyekundu iligeuka tope la kahawia, ikaganda vipande vipande, kila mtu anaona.

Mama mmoja alimshika mumewe mkono akamwinua, wakaondoka bila kuaga. Wengine wawili walifuata. Watatu walibaki kwenye benchi. Mmoja wao, mzee mwenye tumbo kama la Alfonsi, aliniambia kwa upole, "Binti, nyie hospitali mmeninyima dawa. Huyu amenipa." Mnaodhani ukweli ukionyeshwa kwenye kisahani watu wote huinuka na kuondoka, hamjawahi kukaa na mgonjwa.

"Naomba karatasi yangu," nilimwambia Dresa.

"Yako? Ulinipa mwenyewe. Ina muhuri."

Baadaye polisi walimchukulia mitungi na mrija, akahama mji na fremu yake. Daktari alininyang'anya hadubini miezi miwili, nikaosha chupa. Watu husema adhabu kama hiyo ilikuwa kali. Ilikuwa likizo.

Mwezi wa Juni niliomba ruhusa ya siku kumi niende Kapalamsenga. Daktari Elieza alisema haisaidii kitu, nitafungua kidonda. Mzee Teofili alisema nenda. Nikapanda lori hadi Karema, nikapata mtumbwi, nikafika nimelowa. Modesta alikuwa shambani, kwenye mpunga uliokomaa. Alinitambua kutoka mbali na hakuacha kuvuna.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilimwambia kipimo changu hakikuwa kipimo, dawa ile ingeua chochote, na siku ile aliponiuliza wamsikilize nani, nilijua jibu nikanyamaza.

"Angepona?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Bila ile dawa angekaa muda gani?"

"Mwezi. Labda miwili."

Akanyoosha mgongo. "Mwezi ni mwingi. Daktari alimwambia aje apange mambo. Wiki moja tu ingetosha, angewaita kaka zake akawaambia mbele ya watu shamba hili ni la nani. Hakuja, kwa sababu alikuwa anapona. Sasa wamesema ni la ukoo. Nusu ya huko chini wameshavuna wao." Alinitazama mara ya kwanza. "Wewe si unajua kuandika? Andika kwamba ulimsikia wodini akisema shamba ni langu na watoto. Ugonge na ule muhuri wenu. Ukiandika wewe, watu wanaamini."

Nilikuwa tayari kukubali. Nawaambieni bila kuficha, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Huyu mama alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na deni la damu kwake. Lakini Alfonsi hakuwahi kusema neno lile mbele yangu.

"Sikumsikia," nilisema.

"Hukumsikia," alirudia, kama mtu anayetema. "Ulipotakiwa kunyamaza uliandika. Leo unatakiwa kuandika, hukusikia."

"Nitasema nilichokiona. Nipeleke kwa wazee."

Modesta akanirushia kisu cha kuvunia. "Wazee wanakaa Alhamisi. Leo Jumatatu."

Nilivuna siku tatu. Alhamisi tulikaa mbele ya mwenyekiti wa kijiji na wazee watano, kaka wawili wa marehemu wakiwa upande wa pili. Mwenyekiti aliniuliza kama nilimsikia Alfonsi akimpa mkewe shamba. Nikasema sikusikia. Kaka mkubwa akacheka kwa sauti. Modesta akatazama chini.

"Sasa umekuja kufanya nini?" aliuliza mwenyekiti.

"Kusema nilichoona. Nilikwenda kitandani kwa Alfonsi kila asubuhi. Kila asubuhi nilimkuta huyu mama. Alimwogesha, alimlisha, alilala sakafuni. Hawa mabwana sijawahi kuwaona, leo ndiyo mara ya kwanza. Siku ya kuzika jeneza lilikosa mtu wa nne wa kubeba, nikabeba mimi."

Kaka mkubwa akainuka. "Muulizeni huyu nani alimpa ndugu yetu karatasi ya ile sumu!"

Wazee wote wakanigeukia.

"Mimi," nilisema. "Nilimpa karatasi, na karatasi hiyo ilimfanya asirudi nyumbani kusema alichotaka kusema. Ndiyo maana mmekaa hapa."

Mzee mmoja, mwenye kikohozi, alimuuliza kaka mkubwa kwa nini hakwenda Mpanda. Akajibu samaki walikuwa wengi mwezi ule. Baadhi ya watu wakaguna. Wazee walitoka pembeni, wakarudi, wakasema shamba lote libaki kwa Modesta hadi watoto wakue, na mpunga uliokwisha vunwa wagawane nusu kwa nusu. Haikuwa haki kamili. Ilikuwa zaidi ya nilivyotegemea.

Njiani Modesta alitangulia, mimi nyuma. Hakunishukuru, na nilikuwa na akili ya kutosha kutotegemea. Tulipofika kwenye mpunga alinionyesha kwa kidevu pale nilipoachia jana.

"Bado mistari kumi na minne," alisema.

Nilivuna hadi Jumamosi. Viganja vilinichubuka vikatoa maji, na hakuna aliyenipa pole.